Gereji ya Wasomaji: Trela la kambi likigonga wakati wa rivasi

SWALI: Habari za kazi. Kampuni yetu ndogo ya utalii ina karavani ya kuta za alumini. Wiki iliyopita dereva alikuwa anapiga rivasi kambini, kona ya nyuma kulia ikakwama kwenye shina la mgunga. Bati limechanika kama sentimita 30, na ule utepe wa alumini unaofunika kona umeachia kuanzia chini hadi katikati. Ndani hakuna kinachoonekana. Fundi bodi anasema atanyoosha, apake silikoni, basi. Masika yanaingia. Tumruhusu? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kunyoosha anyooshe, ila silikoni msimruhusu hata kidogo.

Kwenye karavani ya aina hiyo bati la nje ni ngozi tu. Unene wake haufiki milimita moja. Kinachobeba ni fremu ya mbao iliyo nyuma yake, na kinachozuia mvua isiifikie mbao hiyo ni utepe wa kona pamoja na utepe laini wa butili (mpira unaonata) uliolazwa chini yake. Mchaniko unaowaudhi macho ni tatizo dogo. Kubwa ni kona iliyoachia. Maji yakiingia pale hayana njia ya kutokea: yanashuka ndani ya ukuta, yanatuama kwenye boriti ya chini, na mbao inaanza kuoza huku plaiwudi ya ndani ikiwa bado nzuri. Ndiyo maana kusema "ndani hakuna kinachoonekana" hakutoshi.

Silikoni ina makosa matatu. Ile ya kawaida inayonuka siki hula alumini. Inapoachia, huachia kwa ndani kwanza, kwa hiyo nje unaona pamezibika kumbe maji yanapita. Na ikishapakwa, mabaki yake hayatoki kirahisi, wala rangi au gundi nyingine haishiki juu yake. Fundi atakayekuja baadaye atakwangua siku nzima.

Leo hii, kabla ya kutafuta vifaa, fungeni jeraha kwa muda. Futeni bati kwa spiriti, likauke, kisha bandikeni utepe wa alumini wenye gundi mkianza chini kwenda juu, kila mkanda ukilalia ule wa chini yake kama mabati ya paa yanavyolaliana. Msilifunge turubai likabana mwili mzima. Upepo ukilisugua linakwangua rangi, na unyevu unabaki ndani. Liacheni wazi chini.

Halafu ingieni ndani. Fungua kabati la kona hiyo, bonyeza plaiwudi kwa kidole gumba kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno. Ikibonyea, au ikinuka uvundo, ifungue. Kama mnaweza kuazima kipima unyevu cha sindano mbili, tumieni: chini ya asilimia 15 ni sawa, kati ya 15 na 20 panahitaji kufuatiliwa, zaidi ya 20 maji yameshaingia, na ikivuka 30 tarajieni mbao iliyooza. Hakuna kipimo? Bandika kipande cha nailoni juu ya mbao, ziba kingo zote kwa utepe, kiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone chini ya nailoni, mbao bado ina maji. Kosa linalorudiwa sana ni kuifunga kona kabla haijakauka. Weka feni, acha wazi hata wiki mbili ikibidi. Ukifungia maji ndani umeyapa nyumba.

Kipimo kingine muhimu ni mlango. Pima kwa futikamba kutoka kona ya juu kushoto ya tundu la mlango hadi ya chini kulia, kisha upande wa pili. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita tano, au mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwaruza, fremu nzima imesukumwa upande. Hapo kazi ni ya seremala kwanza, fundi bodi baadaye.

Sasa ukarabati wenyewe. Ng'oa utepe wote wa kona hiyo kutoka juu hadi chini, hata pale panapoonekana pazima. Ukiunganisha butili mpya na ya zamani iliyokauka, maji yatapita kwenye hiyo nafasi ya kukutania. Kwangua butili ya zamani kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu, si bisibisi, kisha safisha kwa spiriti. Pale bati lilipochanika toboa tundu la milimita 3 kwenye kila ncha ya mchaniko, la sivyo litaendelea kuchanika barabarani. Nyoosha kwa nyundo ya mpira huku umeweka kipande cha ubao nyuma. Nyundo ya chuma huitanua alumini, na bati lililotanuka halirudi, linabaki na tumbo.

Kiraka kiwe cha alumini ya milimita 1, kizidi mchaniko kwa sentimita 5 kila upande, na kona zake ziwe za mviringo maana kona kali huinuka. Chini yake paka gundi ya poliurethani au ile ya MS inayotumika kwenye karavani (Sikaflex 522 ni mfano), kisha piga riveti za alumini zenye kichwa kilichozibwa, milimita 4.8, kila baada ya sentimita 4 au 5. Riveti za chuma zisikaribie hapo. Chuma na alumini vikikutana na maji, alumini ndiyo inayoliwa.

Kisha utepe wa kona. Laza butili yenye upana wa milimita 25 na unene wa 3 nyuma yake kwa urefu wote, bila kuunga. Skrubu ziwe za stenlesi. Tundu lililolegea lijaze kijiti cha mbao chenye gundi ya mbao, au panda saizi moja ya skrubu. Kaza kuanzia katikati kwenda juu na chini, kwa mkono, hadi butili ichungulie pande zote mbili. Acha siku moja, kaza tena robo mzunguko, ndipo ukate iliyozidi. Hiyo butili inayochungulia ndiyo ushahidi kwamba maungio yamejaa, pasipochungulia, fungua. Mafundi wa majahazi wa mwambao wanaijua kanuni hii kwa jina la kalafati: pamba yenye mafuta hushindiliwa kwenye maungio hadi yajae, haipakwi juu juu.

Mwisho, mmoja amwagie maji kwa mpira kuanzia chini kupanda polepole, dakika kumi kila hatua, mwingine akiwa ndani na tochi. Ukianza juu hutajua maji yameingilia wapi.

SWALI: Trela langu limegonga ukuta wa jirani wakati narudi nyuma. Gari lina bima kubwa. Nitengeneze kwanza halafu nidai? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Usitengeneze kwanza. Piga picha kabla ya kulisogeza, ukiweza: moja ya mbali inayoonyesha gari, trela na ukuta pamoja, nyingine za karibu ukiweka futikamba ndani ya picha, na moja ya namba ya usajili ya trela. Kisha toa taarifa polisi na kwa bima, usubiri mkaguzi wao alione. Kuziba kwa muda ili mvua isiingie unaruhusiwa na ni wajibu wako, maana hasara inayoongezeka kwa uzembe unaweza kukataliwa. Weka risiti za hivyo vifaa vya muda.

Kabla ya yote soma mkataba uone kama namba ya trela imeandikwa humo. Watu wengi hudhani bima kubwa ya gari inafunika chochote kilichofungwa nyuma yake. Kwa kawaida ukuta wa jirani utashughulikiwa kama hasara ya mtu mwingine, lakini mbonyeo wa trela lenyewe hautalipwa kama trela halikukatiwa bima yake au kutajwa kwenye mkataba.

SWALI: Nilikuwa narudi kwenye kona nyembamba, trela la kambi (lile la chuma, la barabara mbovu) likakunjana na Land Cruiser. Kona ya bampa iligonga mkono wa kuvutia na sanduku la mitungi ya gesi. Nimenyoosha sanduku. Sasa trela linatembea upande upande na tairi la kushoto linaisha kwa ndani. Nibadilishe tairi? (Msomaji, Nanyuki)

JIBU: Tairi jipya litaisha vilevile. Na kwa kuwa sanduku la gesi liligongwa, anza na gesi kabla ya kitu kingine: funga valvu ya mtungi, kagua mpira na regyuleta, kisha fungua kidogo na upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu likifura, hapo panavuja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni, kwa hiyo hakikisha matundu ya hewa ya chini hayajazibwa na bati ulilonyoosha.

Sasa mkono wa kuvutia. Liweke trela mahali tambarare, zuia magurudumu kwa magogo. Teremsha timazi kutoka katikati ya kikombe kinachokaa juu ya tufe la kuvutia la gari, weka alama chini. Fanya hivyo kwenye ncha mbili za ekseli. Pima kutoka alama ya mbele hadi kila alama ya nyuma. Kwenye trela lenye mita tatu au nne kutoka kikombe hadi ekseli, tofauti ya milimita 5 au zaidi ina maana trela linatembea kiubavu, na tairi linasuguliwa kila kilomita.

Hapa wengi hukosea: wakiona tofauti wanalaumu mkono wa kuvutia mara moja. Tazama kwanza ekseli. Ukirudi nyuma gurudumu likagonga jiwe au ukingo, ile pini ya katikati inayoshika springi za mabamba hukatika, ekseli ikateleza juu ya springi. Tafuta mstari wa chuma kinachong'aa, au kutu mpya, kando ya kikalio cha springi. Ukiuona, dawa ni pini mpya na yubolti mpya, kazi ya nusu siku. Yubolti za zamani zilizovutika usizirudishe.

Kama ekseli iko mahali pake, ni mkono. Ncha yake ni ndefu, kwa hiyo bampa likiusukuma kwa kando nguvu yote huishia pale unapoungana na chesisi, kwenye welding ya zamani. Ng'arisha rangi hapo kwa brashi ya waya. Ufa mwembamba hauonekani kwa macho. Tumia ile dawa ya kupulizia ya kuonyesha nyufa. Safisha, puliza nyekundu, subiri dakika kumi, futa, puliza nyeupe. Mstari mwekundu ukichora juu ya nyeupe, huo ni ufa.

Usikubali kunyooshewa kwa moto. Chuma kilichopashwa kikawa chekundu na kukunjwa upya hupoteza nguvu mahali palepale panapobeba mzigo. Kipande kilichopinda kikatwe na kubadilishwa. Mchomeleaji aondoe mpako wa zinki sentimita 5 kila upande kabla ya kuchoma, kwani moshi wake unaleta homa. Atoe waya wa betri, na ile klempu ya athi (waya wa kurudisha umeme) aibane karibu kabisa na anapochomea. Akiibana kwenye gurudumu, umeme utapita kwenye beringi na kuziacha na vidonda. Akimaliza apake praima yenye zinki.

Kikombe chenyewe kikipinda au kikipata ufa hakichomelewi wala kunyooshwa, ni kipya tu, kwa bolti za daraja 8.8. Na lipime tufe kwa kalipa: la milimita 50 likibaki 49 au chini yake upande wowote, limekwisha.

SWALI: Pua ya trela letu ni ya faiba. Imepasuka kama sentimita 40 baada ya kugongana na kona ya gari. Fundi anataka kilo mbili za rezini. Ni sawa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwanza hakikisha ni faiba. Tazama kwa nyuma: ukiona nyuzi zimetapakaa, ni faiba. Ikiwa laini pande zote, gusisha asetoni kidogo mahali palipojificha. Ikiyeyuka na kunata ni plastiki ya ABS, na rezini ya faiba haishiki vizuri juu yake. ABS huzibwa kwa vipande vya plastiki hiyohiyo vilivyoyeyushwa kwenye asetoni hadi viwe uji mzito.

Ikiwa ni faiba, kilo mbili ni nyingi mno. Hesabu iko hivi. Toboa ncha za ufa, kisha kwa nyuma piga msasa namba 80 sentimita 10 kila upande. Kata mkeka wa nyuzi wa gramu 450 kwa mita ya mraba vipande vitatu vya urefu wa sentimita 50, upana 10, 15 na 20. Jumla ni kama gramu 100 za mkeka. Rezini huwa mara mbili na nusu ya uzito huo, yaani gramu 250. Changanya 300 kwa sababu brashi nayo inakunywa. Tabaka tatu zitakupa takriban milimita 3.

Kwa joto la Mombasa tumia hadena (dawa ya kugandisha rezini) asilimia 1: gramu 3 kwa gramu 300. Asilimia 2 mchana wa Januari itakugandia koponi kabla hujamaliza tabaka la pili. Fanya kazi alfajiri, changanya nusu nusu. Anza na kipande chembamba, kila kinachofuata kifunike kingo za kilichotangulia, na sukuma mapovu yatoke kwa rola. Nje, chimba ufa kwa umbo la V, jaza, kisha paka jelikoti, ile rezini ya rangi ya tabaka la nje.

Jambo moja la hatari. Madukani rezini nyingine huuzwa na kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda, kando. Kobalti na hadena zisikutane peke yake kamwe, zinaweza kulipuka. Kobalti inakorogwa ndani ya rezini kwanza hadi ichanganyike kabisa, ndipo hadena iingie. Vaa miwani, tone moja la hadena jichoni laweza kupofusha. Likiingia, osha kwa maji mengi papo hapo na uende hospitali.

SWALI: Tangu taa ya nyuma ya trela ivunjike kwenye rivasi, nikiwasha indiketa ya kulia taa zote zinafifia na kuchezacheza. Nimeshabadilisha balbu. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Hiyo ni athi. Umeme umekosa njia ya kurudi, unarudi kupitia balbu nyingine. Kwenye plagi ya pini 7 athi ni waya mweupe, pini namba 3. Fuata waya huo hadi kwenye taa iliyovunjika, utaukuta umekatika au skrubu yake imeota kutu. Wakati uko hapo kagua nyingine: njano namba 1 indiketa ya kushoto, kijani namba 4 ya kulia, nyekundu namba 6 breki, kahawia namba 5 na nyeusi namba 7 taa ndogo za kulia na kushoto.

SWALI: Niko Minnesota. Nilipokuwa narudi, tawi lilichana paa la mpira la trela letu. Nikipaka lami itafaa hadi kiangazi? (Mama msomaji, Minneapolis)

JIBU: Hapana, mama. Paa jeupe la mpira ambalo ukilikwaruza ukingoni ni jeusi chini yake ni EPDM, na lami, petroli au thina huufanya mpira huo uvimbe na kuachia mbao. Osha kwa maji na sabuni ya vyombo, likauke kabisa, kisha bandika utepe wa kuzibia wa Eternabond uliozidi mchaniko sentimita 5 kila upande na uukandamize kwa rola. Tawi mara nyingi huvuta pia vifuniko vya matundu ya hewa. Kingo zake ziba kwa dawa ya kuzibia paa ya Dicor, ile inayojisambaza kwa sehemu za bapa, na isiyotiririka kwa sehemu za wima. Ukipanda, tandika ubao wa plaiwudi ugawe uzito wako. Fanya kabla ya baridi kali: maji yaliyobaki chini ya mpira yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na yatalifungua zaidi lile ulilotaka kuliziba.

SWALI: Utingo wangu hupiga kelele "njoo, njoo!" na bado tunagonga. Tufanyeje? (Dereva, Iringa)

JIBU: Injini ikinguruma "njoo" na "ngoja" hazitofautiani. Tumieni mikono, na mkubaliane ishara nne tu kabla ya kuanza: nyuma, kushoto, kulia, simama. Utingo asikae nyuma ya trela katikati, ambako humwoni na ndiko atakakobanwa. Akae kando, ndani ya kioo chako. Asipoonekana kiooni, kanyaga breki.

Shika usukani kwa chini kabisa, pale ilipo namba 6 kwenye uso wa saa. Ukiupeleka mkono kulia, nyuma ya trela huenda kulia. Trela fupi hugeuka haraka kuliko refu, kwa hiyo zungusha kidogo na usubiri uone. Kona kati ya gari na trela ikikaribia nusu ya pembe mraba, usijaribu kuirekebisha ukiwa unarudi. Nenda mbele mita tano, linyooshe, uanze upya. Na kabla ya yote hayo shukeni wote wawili mtazame juu, kwa sababu utingo akiwa anaangalia magurudumu ni tawi ndilo litakalochukua paa.